Mandari ya Mtoni Bila Wewe

Dada Mwanasiti,

Assalamu alaikum. Dua nakuombea kila baada ya sala, hilo usiwe na shaka nalo. Lakini leo nimekaa kukuandikia kwa sababu nina hasira, na mtu wa kumwambia mambo haya ulikuwa wewe.

Mandari yetu imeharibika. Ile ya siku ya pili ya Idi, tunapotoka Ukunda na lori la duka mpaka Kwale, kisha tunateremka kwa miguu kupita mashamba na msitu hadi kwenye maporomoko. Mwaka huu ndiyo ya kwanza tangu tukuzike, na kila mtu alijifanya mkubwa. Wanao walitaka twende Diani kwenye hoteli mpya, wakawatazame Wazungu wanavyojianika juani. Nikashikilia kwamba tutakwenda mtoni kama siku zote, na wallahi bora ningenyamaza.

Tulifika vizuri. Mto umejaa, maji yanaanguka kutoka juu ya mwamba mpaka yanageuka ukungu, na lile bwawa la chini lina baridi ileile iliyokuwa ikikutoa ukelele kila ulipotia mguu. Nilikaa kwenye jiwe lako nikalia kidogo. Kuinua kichwa, namwona wifi yetu Riziki ameshapakua pilau kwenye sinia, sufuria ameitumbukiza bwawani na masizi yake yote, anasugua kwa mchanga. Maji yakawa meusi.

Nikamwambia, Riziki, sufuria yenye masizi haitiwi kwenye maji haya, Dada alikuwa akichota kwa kata na kuoshea kando. Unajua alinijibu nini? "Hayo mambo ya zamani, wifi. Sasa ni uhuru, maji si ya mtu." Wenzake wakacheka. Mimi uhuru naupenda, siku ile bendera ilipopanda nilicheza ngoma mpaka nikapoteza kiatu. Lakini uhuru na masizi, wapi na wapi?

Watu wa kijiji cha bondeni wanakunywa maji hayohayo. Hatujamaliza kula, wakaja wanaume wawili na yule mama Mnyazi mwenye shamba la mahindi. Hawakututukana. Walisema tukusanye vyombo vyetu, na njia ya shambani kwao tusiipite tena. Nawe unajua hakuna njia nyingine ya kufika pale. Tukapanda kilima na pilau nusu.

Nawe nakulaumu, Dada. Kila mwaka ulikuwa ukitangulia peke yako, unatuacha kivulini, ukirudi unasema, "Haya, karibuni." Sisi tulidhani unakwenda haja. Kumbe ulikuwa ukienda kubisha hodi kwa Mnyazi, na sukari na kipande cha sabuni mkononi. Kwa nini hukuniambia? Uliumwa miezi, ukanieleza mpaka mahali pa kuweka sindano zako za kushonea, na hili ukaondoka nalo.

Nimelijua juzi, niliporudi huko na kuku kuomba radhi. Nilimkuta Mnyazi analima. Akampokea kuku, akanitazama, akaniuliza, "Na mwenyewe yuko wapi? Mbona safari hii hakuja kubisha?"

Walikuwa hawajui. Nikamwambia tumeshakuzika. Aliponielewa aliweka jembe chini, tukalia sote wawili katikati ya mahindi. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasema maji si ya kukatazana, ila yeye hazoei watu ovyo, anataka kujua nani atakayebisha.

Mimi sikuitaka kazi hii. Mimi ni wa kubeba vitumbua na kunung'unika njia nzima, unanijua. Nikamwambia, "Nitabisha mimi."

Basi pumzika, dada yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Idi ijayo Riziki atasubiri kivulini mpaka nimwite, apende asipende. Na nikifika mlangoni kwa Mnyazi nitataja jina lako kwanza, ndipo nitaje langu.

Mdogo wako,
Mwanatumu