Aliyeipiga Dari Ile

Mjukuu wangu Rahma,

Sisi huku London hatujambo. Babu yako magoti yanamsumbua, ila kufuata haluwa Edgware Road hayamsumbui hata kidogo.

Umeniuliza kama ni kosa kuipenda ile nyumba kuu ya shamba la pamba huko Louisiana, uliyopewa chuoni uichore, maadamu ilijengwa na watumwa.

Nilipokuwa msichana Pemba, nilisimama mbele ya nyumba ya bwana mwenye mikarafuu, nikazisifu nguzo zake. Bibi yangu, ambaye mama yake alikuwa mtumwa pale, akanishika mkono akanipandisha ngazi mpaka darini, juu kabisa, kwenye paa bapa la chokaa.

"Chokaa hii mama aliipiga kwa gongo siku tatu, yeye na wenzake, wakiimba ili magongo yashuke pamoja." Akaigonga kwa kisigino. "Haijavuja mpaka leo. Bwana kazi yake ilikuwa kulala chini yake."

Basi ipende, Rahma, uichore vizuri. Lakini chora na jiko la nyuma na vibanda vya watumwa, kwa kipimo kilekile. Mwalimu akikwambia uvifute, usifute hata mstari. Mwambie anipigie mimi.

Bibi yako,
kitukuu cha mpiga dari