Siasa Ilipoingia Kwenye Kidari

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Shirimatunda hatujambo, na ng'ombe amezaa.

Unauliza mbona hadithi fupi za Ireland unazosoma zinasimulia vita vya siasa, halafu watu wananuniana tu jikoni. Mimi sishangai. Vyama vingi vilipoanza, babu yako na mdogo wake waliingia vyama tofauti, wakaacha kusalimiana. Krismasi babu akachinja mbuzi, akampelekea mdogo wake shingo badala ya kidari, fungu la mdogo tangu enzi za baba yao. Mdogo mtu akaja mbio.

"Chama baki nacho! Kidari changu kiko wapi?"

Nilicheka mpaka nikamwaga pombe yangu ya mbege, nao wakacheka.

Basi ukisoma, usitafute bunduki. Angalia nani kanyimwa nyama.

Krismasi njoo. Fungu lako lipo.

Bibi yako