Mama Abdi, Mchezo Wetu wa Nyota Umepata Nyongeza

Mke wangu, mama wa Abdi,

Salamu zikufikie huko uliko. Sheikh akisikia ninamwandikia marehemu habari za mchezo wa kompyuta atakuja kunisomea dua ya wendawazimu, kwa hiyo tusimwambie. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukitumia kugombana, mama yako asielewe tunatukanana nini. Makosa ya kuandika uyasamehe. Unajua darasa la nne niliona mlango tu.

Unakumbuka Abdi alivyohamia Nairobi akatuachia ile kompyuta yake kuukuu hapa mtaani Iftin? Ndani mlikuwa na mchezo mmoja: unapewa meli ya angani, unabeba mizigo kutoka nyota hii hadi nyota ile, na wezi wanakuvizia njiani. Hata wakati ule ulikuwa mchezo wa zamani, wenzake Abdi walishautupa. Mimi niliupenda kwa sababu ya risasi. Siku moja ukatoka kuuza maziwa ya ngamia sokoni, ukaketi kando yangu, ukatazama kidogo.

"Hii lori inabeba nini?"

"Haibebi kitu. Inapigana."

"Basi Oday, unachoma mafuta bure."

Oday, yaani mzee, na uliniita hivyo nikiwa sina hata mvi moja. Tangu siku hiyo ukawa mwenye gari, mimi nikawa dereva. Tukabeba chakula tu, maana ulisema watu wa kila nyota lazima wale. Nikigusa kitufe cha bunduki, napigwa kofi la mkononi.

Na ukaleta mambo ya kwenu Sangailu mpaka angani. Kwenu hamhami kabla ya kumtuma sahan, mtu wa kutangulia kutazama nchi, na akirudi anaulizwa majani, maji na amani. Basi kabla ya kwenda nyota mpya tulikuwa tunausevu mchezo, yaani kuuhifadhi pale ulipofika, unaniambia nenda utazame, wewe unakwenda kuchemsha chai. Wezi wakinilipua, ninarudi pale tuliposevu kana kwamba sikufa, ninakuja jikoni kutoa habari.

"Majani?"

"Biashara iko."

"Maji?"

"Mafuta yanauzwa."

"Amani?"

Siku moja, hapo ndipo shetani aliponiingia. "Amani tele, wallahi! Watu wanalala milango wazi!" Tukaingia na shehena nzima, tukalipuliwa kabla hujakaa vizuri. Ulicheka ukashika mbavu, kisha ukaninyima chai.

Lalamiko lako lilikuwa moja. Tukifika kituoni, milango haifunguki. "Mtu anasafiri umbali wote huu na hashuki? Hata kunyoosha miguu?" Nikakuambia mchezo hauna kushuka. Ukasema, "Basi walioutengeneza hawajawahi kusafiri."

Sasa sikiliza. Idi hii Abdi alikuja na kompyuta yake mpya. Wenye mchezo wameukumbuka mchezo wao baada ya miaka yote hii, wameutolea nyongeza. Abdi akaniuliza, "Baba, nikuwekee kwenye yenu, ama ni kupoteza wakati?" Nikamwambia sijibu kabla ya kutazama. Alipolala baada ya adhuhuri, nikachukua kompyuta yake yenye nyongeza, nikatangulia.

Majani ni mengi. Kuna bidhaa mpya, na mtu anaweza kujenga soko lake mwenyewe. Lakini nyota mpya nyingi zinafanana kama vyumba vya lojing'i za wasafiri, wamebadilisha rangi ya ukuta tu. Maji yapo, ila kompyuta yenyewe inashikwa na kiu, inapata moto kama jiko na feni inalia kama punda. Amani hakuna. Wezi wamepata akili, sasa wanakuja kundi zima. Leo sikudanganyi.

Na Mama Abdi, mtu anashuka.

Mlango unafunguka, ngazi inateremka, unakanyaga chini. Nilikuta ardhi nyekundu, tambarare, vumbi linakimbia mbele ya upepo, utadhani njia ya Bura wakati wa kiangazi. Hakuna cha kununua pale, hakuna cha kuuza. Abdi anasema wachezaji wanalalamika kwamba kushuka hakuna faida. Mimi nilitembea mpaka meli ikawa ndogo nyuma yangu, nikageuka kukuambia unyooshe miguu. Kwenye kiti cha kando kulikuwa na kanzu ya Abdi tu, imetupwa hovyo.

Wangeharakisha kidogo, hawa wenye mchezo. Au wewe ungechelewa kidogo. Hukuwahi kuwa na haraka, hata siku ya harusi yetu ulitungojesha mpaka wali ukapoa.

Sasa shida ni hii. Nyongeza haitaki safari ya zamani. Ukiiweka, ulichosevu hakifunguki tena, unaanza upya kama mgeni. Na ile meli yetu bado iko pale ulipoiacha kabla ya kwenda hospitali, kwenye kituo kidogo, imejaa chakula, inangoja nitazame njia nirudi kukuambia. Sikutazama. Kila siku baada ya alasiri ninaifungua, ninaiangalia, ninaifunga. Abdi anadhani baba yake bado mfanyabiashara.

Nilimzungusha Abdi, mara leo, mara kesho, mpaka akarudi Nairobi. Kisha nikakumbuka alfajiri ile baada ya kumzika mama yako, tukiwa njiani tunahama. Mimi, mkwe mtu, nilikuwa nalia tukae hapo hata siku chache. Wewe, binti yake, ulishaanza kufunga mizigo. Ukaniambia, "Oday, yeye haondoki hapa. Wanyama ndio wenye kiu." Hukugeuka nyuma. Niligeuka mimi, kwa ajili yetu sote wawili.

Jana nimempigia simu Abdi. "Weka."

"Kumbe ni nzuri, Baba?"

"Nusu nzuri."

"Sasa unaitakia nini?"

"Hapa nilipo majani yamekwisha."

Akasema atakuja Ijumaa.

Sijui kama ungeamua hivi. Kazi yangu ilikuwa kuleta habari, kuamua ilikuwa kazi yako, na sikuzoea kufanya zote mbili. Safari hii ninatangulia na hakuna anayefunga mizigo nyuma yangu.

Leo alasiri nimeifungua meli yetu mara ya mwisho. Nimeuza chakula chote palepale kituoni, kwa bei ya aibu, bei ambayo ungenifukuza nayo sokoni. Kule mbele wangelipa vizuri, najua. Lakini sikuweza kumwacha mnyama wetu amesimama na mzigo mgongoni.

Mungu akulaze mahali pa baridi na kivuli.

Mumeo,
Baba Abdi