Maji Uliyoyatema Kinondo

Ndugu yangu Bakari,

Amani ikushukie huko ulikotutangulia, nasi kwa idhini ya Mola tutakufuata. Nakuandikia kwa kuwa naona haya kukuzuru kaburini.

Ile filamu ya vita uliyoigiza Kinondo nimeiona. Sijasikia ukumbi wowote ulioionyesha. Mkeo, Bi Mwanamisi, alitumiwa katika simu, akaniita barazani baada ya alasiri. Humo meli imezamishwa, mabaharia sita wamesalia juu ya chelezo, nawe ndiwe mzee wao. Nilikumbuka ulivyorudi Msambweni umelowa, ukatutania msikitini: "Leo nimezama mara saba, na hata mara moja sikufa."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nami nilisimama ufuoni pamoja na watazamaji, nikaona kule juu ya chelezo dumu la maji likipita mkono kwa mkono hadi mdomoni mwako. Ijumaa iliyofuata nikasema mbele ya waumini, "Muadhini wetu amekula mchana." Ulinitazama, ukasema, "Maalim, Mungu ameona," ukaketi. Hukutoa adhana tena hadi ulipofariki.

Bi Mwanamisi hakunilaumu. "Tazama mwenyewe, Maalim." Kamera ilikuwa upande wa bahari, ambako macho yangu hayakufika. Umejaza maji mdomoni, umeinama nyuma ya mwenzako, umeyatema yote, kisha umefuta ulimi kwa ncha ya shati. Filamu yenyewe ya gharama ndogo, hata hawakuikata sehemu hiyo. Bakari, kusukutua hakufunguzi saumu. Mimi ndiye niliyesomesha hivyo miaka yote. Na sikukuuliza. Swali moja tu, sikukuuliza.

Lililo zito zaidi ni hili. Ijumaa iliyopita nilipanda mimbari niseme kweli, moyo ukaniangusha, nikahutubia juu ya dhana mbaya kwa jumla, bila jina. Mlangoni wakanishika mkono: "Leo umewapata wasengenyaji, Maalim." Nikaitikia amin.

Ijumaa hii nitalitaja jina lako na langu. Nitasimama chini, kwenye safu, kabla watu hawajatawanyika, niseme kwamba nilimzulia Muislamu aliyefunga. Kisha nitakwenda kwa mkeo na wanao kuomba radhi, na wakinifungia mlango, wana haki.

Radhi yako wewe siwezi kuipata tena duniani. Pumzika, ndugu yangu. Nikifika huko, usinigeuzie uso kabla sijasema.

Mwenzako,
Maalim Juma