Chumba cha Watu Wawili

12 Januari

Fundi wangu,

Hujambo huko, na kazi inakuendeaje? Huku tunapumua. Masikio yangu ndiyo hayo, msumeno wa umeme umeshayala karibu yote. Mama yako miguu bado inamvimba na moyo unamsumbua kama unavyojua. Amekaa hapa kando ya dirisha, kitambaa kibichi shingoni, ananikataza nisikuandikie habari za miguu. Nimeshaandika, afanye atakalo.

Usinipigie simu kwa hili ninalokuambia. Kwenye simu wewe unasema, mimi nasikia nusu, halafu naitikia ndiyo hata pasipo ndiyo. Andika.

Lile jengo la vioo ng'ambo ya barabara limekwisha, na ndani ni baridi tupu. Mpangaji wetu wa gorofa ya kwanza, yule daktari wa meno, ameniambia, kwa adabu zake zote, kwamba wagonjwa wanaloa jasho kabla hajashika hata koleo. Mfamasia wa chini analia na dawa zake. Wahasibu wa gorofa ya pili hawajasema kitu, ila nimewaona wakitoka kule kwenye vioo huku nyuso zimekunjuka, na hao wakikunjua nyuso ujue kuna jambo. Wakihama, nitabaki nalea popo.

Kwa hiyo nataka kuweka baridi jengo zima, na mwenye kazi hiyo ni wewe. Nichague nini? Vile viyoyozi vya dirishani, vya ukutani, au lile dude moja la juu ya paa? Na sisi wa gorofa ya juu usitusahau. Paa linatuoka. Mama yako anahema kama mtu aliyepanda ngazi, na hata kitini hajainuka.

Ni mimi,
Baba yako

30 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake, mfikishie kwa sauti, nakujua wewe utaimeza. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi tu. Tunafunga mitambo kwenye jengo la ofisi, na msimamizi wetu ana mdomo kama cherehani, lakini nimemzoea.

Baba, kabla ya kuchagua, pima. Watu wengi wanachemka hapo. Wanatazama ukubwa wa chumba, wanakimbilia dukani, halafu wanalalamika mashine mbovu. Kumbe hata mtu ni jiko. Kila aliyemo ndani anatoa joto lake, na mashine lazima ihesabiwe na hao watu. Ukiweka ndogo, watapikika. Ukiweka kubwa kuliko watu waliomo, watatetemeka.

Basi kila chumba niandikie urefu, upana, kimo cha dari, madirisha yanatazama upande gani, kuna vyombo gani vya umeme, na wanakaa watu wangapi. Usikisie. Na Mama akae mbali na lile dirisha la jua, hata kama anapenda kuchungulia ya watu.

Mwanao

17 Februari

Fundi,

Umeamkaje, na kikohozi je? Meza kitu cha moto, usijifanye chuma.

Vipimo ndivyo hivyo kwenye karatasi ya nyuma. Nimepima kwa futi yangu ile ile ya useremala. Daktari wa meno alinishikia ncha moja huku mgonjwa wake amebaki kinywa wazi. Kwa wahasibu niliuliza mko wangapi, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Chumba chetu nilipima na mama yako. Alishika ncha ya futi akiwa kitini, akaringa kama msimamizi wako. "Soma vizuri, mwanangu asije akakosea kwa ajili yako." Nilipomsomea ile habari ya mtu ni jiko, alicheka mpaka akashika kifua. Anasema miaka yote nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimepata jiko, kumbe jiko ni mimi. Sasa hataki jina jingine. "Jiko, niletee maji. Jiko, sogea, unanichoma."

Chumba chetu, basi: watu wawili. Unauliza kitu ulichozaliwa ukakikuta.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na kupanda ngazi. Nimefurahi Mama anacheka. Mwambie asicheke sana.

Nimepiga hesabu, nikairudia, nikampa na bingwa wetu aikague. Chukua mtambo mmoja wa juu ya paa, hewa ishuke kwa mifereji ya bati ndani ya dari, kila chumba kipate tundu lake. Vya dirishani vinanguruma, na wewe ukiongezewa kelele tumekwisha. Vya ukutani vingefaa, ila ungepachika masanduku uso mzima wa jengo, yawadondoshee wateja maji vichwani. Jengo ulilolichongea milango kwa mkono wako mwenyewe, mimi silivishi upele.

Ila uvumilivu unahitajika. Mtambo unaagizwa, unakuja kwa meli, ni miezi. Nyaya za jengo nazo zimechoka, zitabadilishwa zote. Na nitafunga mwenyewe. Likizo yangu ni moja kwa mwaka, nimeiweka kwa ajili hiyo. Sitaki fundi mwingine aguse nyumba ya Baba.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Huku afya imepungua. Nakwambia bila kuzunguka: mama yako hashuki tena ngazi. Joto la mwaka huu limetukalia kooni. Mchana namhamisha na kiti chake, asubuhi upande huu, jioni upande ule, tunalikimbia jua ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mtambo nimeagiza kama ulivyosema. Lakini daktari wa meno ana kiyoyozi chake cha zamani cha dirishani, kimekaa stoo. Anasema tukichukue bure tumwekee mama wakati tunasubiri. Waonaje?

Jambo la pili sijui niliseme vipi. Hiyo likizo yako, haiwezi kuja mapema? Sikulazimishi. Nauliza tu.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kile cha dirishani msikiweke. Nyaya za gorofa yenu haziwezi kukibeba, zitaungua ndani ya ukuta na hamtajua mpaka moto utoke. Hilo nalisema kama fundi, si kama mtoto. Weka pazia zito upande wa jua, feni ielekee dirishani itoe hewa ya moto, Mama anyweshwe maji kidogo kidogo. Mpeleke kwa daktari wake hata kama anatia ngumu.

Kuhusu kuja, nimekwama. Nikija sasa, likizo imekwisha, na mtambo ukifika utakaa kwenye maboksi mpaka mwakani. Joto lijalo litamkuta hivyo hivyo. Mwulize Mama. Akisema nije, nakuja, mtambo na ulale.

Mwanao

5 Mei

Fundi,

Hatujambo kidogo. Pazia limesaidia.

Nimemwuliza. Anasema usubiri, uje na mtambo wako. Maneno yake haya: "Aje mara moja, aje na baridi yake, nimwone akiiwasha." Nimemwuliza tena kesho yake, akaniambia jiko limezidi kuuliza.

Daktari amebadilisha dawa.

Baba yako

21 Juni

Mwanangu,

Pole. Najua mfamasia alikupigia simu siku ile ile, na najua ulilia mpaka akashindwa kuendelea. Mimi sikuweza kuishika hiyo simu. Nisamehe. Hata ningeishika nisingesikia.

Tumemzika vizuri. Watu walijaa barabara, hata wenye lile jengo la vioo walikuja. Ulitafutiwa tiketi ya ndege, haikupatikana ya kukufikisha kwa wakati. Tulikubaliana na wazee tusisubiri, usimlaumu mtu.

Daktari anasema ni moyo. Nimemwuliza habari ya joto, akasema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani. Mimi namwamini. Na wewe mwamini.

Kuna jambo nimelificha na siwezi kulala nalo. Ile barua yako ya nyaya ilipofika, daktari wa meno alimleta fundi wake wa umeme. Fundi akasema anaweza kuvuta waya mpya peke yake kutoka kwenye mita mpaka chumbani kwetu, bila kugusa nyaya za zamani. Kazi ya asubuhi moja. Nilikubali. Mama yako ndiye aliyekataa. Alisema, "Mwanangu amesema tusubiri. Nikiweka hiki, watu watasema hajui kazi yake." Kila aliyekuja kumjulia hali alimwonyesha pale darini tundu litakapokaa. "Mwanangu anatuletea baridi." Waliosikia mara kumi waliitikia kama ndiyo kwanza wanasikia. Nilimbembeleza, nikamkaripia, akageukia ukutani. Ungekuwepo ungemweza, mimi hakuna siku niliyomweza.

Sikuandikii haya ili uumie. Nakuandikia kwa sababu aliondoka akiwa anajivunia wewe, na ningekufa nalo hilo ningekuwa nimekuibia.

Mtambo umefika bandarini. Njoo ukiweza.

Baba yako

3 Julai

Baba,

Shikamoo. Maneno ya uongo sitaki kukuandikia.

Ningeandika tu "vuteni waya mpya". Hata fundi mwanafunzi angeliwaza hilo. Mimi nilikuwa nawaza mfumo mzima, nikamsahau mtu mmoja aliyekaa kitini. Ole wangu, Baba.

Nakuja tarehe kumi na tisa.

Mwanao

28 Agosti

Fundi wangu,

Ulifika salama? Umekula? Ulivyoondoka hapa ulikuwa umebaki mifupa na macho.

Mtambo unafanya kazi, hauna hata kelele, au labda ni masikio yangu. Mfamasia amefunga feni zake gunia moja. Wagonjwa wa meno sasa wanaogopa sindano peke yake. Wahasibu wamelipa kodi ya mwaka mzima, na wahasibu hawalipi kabla ya wakati mpaka waone jambo. Anayepita akisifu, namwambia binti yangu ndiye aliyefunga, kila tundu.

Lakini mwanangu, ulikuja na hatukuonana. Siku zote hizo nilikuwa naona miguu yako tu kwenye ngazi. Nikikuita ule, unajibu kutoka darini. Nikikaa nikungoje ushuke, unashukia upande mwingine. Kaburini ulikwenda peke yako asubuhi, viatu vyako ndivyo vilivyoniambia. Nilikuwa na mengi ya kusema, ukaondoka nayo yako, nikabaki na yangu.

Sasa nina shida ndogo ya kifundi. Jengo zima liko sawa, ila chumba chetu kina baridi kupita kiasi. Naamka mikono imekufa ganzi. Nimebonyeza ile rimoti ya ukutani, wapi. Nimekaa nikafikiri, nikakumbuka vile vipimo. Uliweka hesabu ya watu wawili. Naona umesahau kupunguza. Niambie nifanyeje.

Baba yako

14 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika, nakula, usihofu.

Sikusahau. Hesabu mpya nilikuwa nayo mfukoni, nimeiandika nikiwa ndani ya ndege: chumba cha juu, mtu mmoja. Nilifika kwenye tundu lenu, nikatoa karatasi, mkono ukakataa. Nilikaa kule darini mpaka ukaniita chakula cha mchana. Nikaacha lilivyo, nikashuka upande wa pili ili usinione uso. Ndiyo maana uliona miguu tu, Baba. Kule juu hakuna aliyekuwa ananitazama nikilia.

Lakini wewe usigande kwa ajili ya ukaidi wangu. Panda kwenye stuli, si kiti kile chenye mguu mbovu. Fungua wavu wa tundu, una vishikizo viwili tu. Ndani kuna kibati kinachozunguka, kina mkono mdogo mwekundu. Uzungushe kuelekea ukutani mpaka nusu. Hewa itapungua, chumba kitakuwa cha mtu mmoja.

Mwanao

1 Oktoba

Fundi wangu,

Habari za huko? Mimi mzima wa kutembea, magoti yanadai haki yao tu.

Barua yako ilipofika nilichukua stuli siku ile ile. Nilifungua wavu. Mkono mwekundu nimeuona. Nimeushika, mwanangu, na ni mwepesi, umeutia mafuta vizuri, hata mtoto angeuzungusha. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Nimerudisha wavu.

Nimelitoa blanketi la mama yako kabatini, nimelitandika juu ya langu. Nalala upande wangu ule ule wa kitanda. Baridi inashuka pale pale alipokuwa akiwaonyesha wageni. Mfamasia ameniuliza mzee, mbona unavaa sweta ndani ya nyumba. Nimemwambia binti yangu alipiga hesabu ya watu wawili, na hakukosea.

Likizo ijayo njoo. Usije na ngazi, usije na vifaa, darini hakuna kazi tena. Njoo tukae chini.

Baba yako