Aliyemfanya Fundi Radi Kiziwi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kitanda cha dirishani. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, magoti yamepunguza ubishi, na wajukuu wanakuachia walau saa moja ya kupumua. Mimi nipo. Muuguzi wa asubuhi, yule mwenye ulimi mkali, aliniambia jana kwamba nimekonda hadi shuka linanizidi uzito. Nikamjibu kwamba shuka linakula vizuri kuliko mimi. Tukacheka. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa, na daktari akishakaa ujue habari si nzuri. Amesema tuhesabu wiki, miezi tuiache.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo zivumilie herufi zinazoyumba.

Juzi alikuja wakili wa ile kampuni ya vitabu vya katuni niliyoiandikia, mama mmoja nadhifu mwenye mkoba mzito. Umeshinda, mdogo wangu. Miaka thelathini na moja ya barua zako kwa wahariri wa magazeti, ya kusimama nje ya ofisi za kampuni na bango ulilolishona mwenyewe ukidai haki ya kaka yako, haikwenda bure. Wanatengeneza filamu ya Fundi Radi, yule shujaa wangu wa katuni, na kabla hawajaanza wanataka kumlipa aliyebuni kisa, asije mtu kuwasumbua baadaye. Kiasi alichokitaja kinazidi vyote nilivyowahi kupata kwa kalamu.

Unajua nilivyolipwa. Kwa ukurasa, na ukurasa uliokataliwa haukuwa na kitu. Nyuma ya kila hundi palipigwa muhuri unaosema kwamba ukisaini kuchukua hela, ulichokiandika si chako tena. Nilisaini hundi zaidi ya mia mbili. Fundi akauzwa kwenye mabegi ya shule, kwenye madaftari, hadi kwenye miswaki, nami nimepanga chumba kimoja kinachovuja. Niliwahi kuomba punguzo la mswaki wenye sura yake, muuza duka akaniuliza kwani mimi nani. Nilipokusimulia hilo ulilia kwa hasira, na hapo ndipo vita vyako vilipoanza.

Lakini wakili alieleza kwamba filamu haimtaki Fundi wa mwanzo, niliyembuni mimi, yule mwezeka mapaa anayedaka radi kwa mkono na kuwachapa nayo majambazi. Huyo, tuseme ukweli, alikuwa misuli na makelele. Maduka yalikuwa yakiturudishia nusu ya nakala. Wanayataka yale matoleo sita ya ukiziwi, ambamo kila radi anayoidaka inamla masikio, mpaka anabaki akisoma midomo ya watu anaowaokoa. Yaani matoleo yako. Mimi nisingeyaweza. Sikuwahi kusimama kati ya mashine za kufuma kama wewe kule kiwandani, mkisemezana kwa vidole na midomo kwa kuwa hakuna sauti inayopenya, ukirudi nyumbani masikio yanavuma hata usisikie ukiitwa kula.

Juu ya kurasa hizo, wewe na mimi tuna hadithi yetu ya miaka mingi. Ulinipa bahasha nimpelekee mhariri, yule tuliyemwita Bwana Kasoro kwa sababu hakuna koma iliyowahi kumponyoka. Nikarudi kukuambia amezikataa, amesema mwanamke wa kiwandani anajua nini kuhusu mashujaa. Miezi mitatu baadaye zikatoka zikiwa na jina langu. Nikakueleza kwamba amezipora, na kwamba amenilazimisha niweke jina langu, la sivyo kazi iote mbawa. Ukaniamini. Ukasema basi walau nilipwe mimi, hela iingie nyumba moja. Tangu siku hiyo hukuandika tena hata mstari.

Hadithi hiyo niliitunga mimi. Bwana Kasoro hakukukataa. Hakujua hata kama uliandika.

Mwezi ule nilikuwa nimekauka. Zilibaki siku nne nikabidhi kazi, na sikuwa na ukurasa hata mmoja. Nilifungua bahasha yako jikoni nichungulie tu, nikasoma nimesimama hadi sufuria ikaungua. Nikazipiga upya kwa taipureta, nikampelekea. Alisoma zote bila kugusa kalamu nyekundu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akavua miwani, akaniuliza kama kweli ni mimi niliyeandika, maana, alisema, anayeujua ukimya namna hii ameishi ndani ya kelele, nami sijaishi huko. Akaniambia kama yupo mtu nyuma ya kurasa hizi nimlete, ipo meza tupu karibu na yangu na atalipwa sawa na mimi.

Nikamwambia ni mimi.

Siku uliyomvizia getini ukamwita mwizi mbele ya wafanyakazi wake, nilikuwa ghorofani nikitazama. Alipanda ngazi taratibu, akaja kuniuliza amemkosea nini dada yangu. Nikamwambia una maradhi ya hasira. Aliwaagiza walinzi wasikuguse. Alipokufa ulikataa kwenda kumzika, na mimi nikakuambia umefanya vizuri.

Fomu ya wakili ina mstari unaouliza nani alibuni kisa cha ukiziwi. Nimeandika jina lako, peke yake, na haya yote nimeyaeleza kwa kiapo mbele yake. Akija usimfukuze. Najua hela hizo haziwezi kukurudisha kwenye meza ile.

Muuguzi ameniambia ulipiga simu, kwamba unakuja Jumamosi. Nimemwomba barua hii aitume leo ikutangulie. Ningeweza kungoja nikuambie uso kwa uso, lakini ungeniona nilivyobaki mifupa, huruma ikakushika, ukanisamehe kabla hujapata nafasi ya kukasirika. Nafasi hiyo nayo ningekuwa nimekuibia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wakikuuliza nimeandika nini, usinifichie. Usipokuja Jumamosi, nitajua barua imefika.

Ni mimi,
Kaka yako