Vichujio Vyeusi vya Dada Rozalia

KITUO CHA POLISI, MTWARA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jesca Stefano Haule
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu
Dini: Mkristo
Makazi: Likombe, Mtwara
Kuhusu: Kupotea kwa Rozalia Stefano Haule, miaka 23, mwimbaji
Aliyefuatana na shahidi: Bi Saumu Alawi, jirani

Leo Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2008, saa nne asubuhi, mbele ya Koplo Athumani, naahidi kueleza yote ninayoyajua kuhusu dada yangu. Nisilolijua nitasema silijui. Sitaongeza neno ili kumfurahisha mtu, wala sitapunguza kwa sababu ya aibu.

Kwanza naeleza kwa nini mwandiko huu ni wangu. Koplo alikuwa ameanza kuandika yeye, lakini nilipotaja vichujio aliinua kalamu akauliza, "Vya chai au vya nazi?" Nikamwambia ni vya masikio. Bi Saumu akacheka, akasema, "Athumani, masikio hayakamuliwi tui! Mpe mtoto kalamu aandike mwenyewe. Mamako nilimsuka mie nywele za arusi, usinitolee macho." Koplo akanipa kalamu, akasema atasoma na kuniuliza pale ambapo hataelewa.

Mimi ni mtoto wa pili wa Mzee Stefano Haule, karani wa bandarini. Kwetu hasa ni Ludewa. Tulihamia Mtwara baba alipopewa uhamisho, na mama alifariki tukiwa hapa. Hatuna ndugu mwingine mkoa huu. Mimi na dada Rozalia tulilala chumba kimoja tangu nikiwa darasa la pili.

Dada ni mwimbaji. Aliimba kwaya kanisani, na kuanzia mwezi wa saba mwaka huu akawa anaimba pia hotelini mjini, siku za Alhamisi hadi Jumamosi, na bendi ya Bwana Lukasi. Bendi hiyo ina kinanda na gitaa tu. Haina ngoma. Naomba jambo hili likumbukwe.

Dada alikuwa na spika ndogo za kuvaa ndani ya masikio. Si zile ambazo vijana huvaa barabarani. Hizi ni za waimbaji, zinaziba sikio kabisa, ili mtu aliye jukwaani ajisikie mwenyewe na wenzake bila kuzidiwa na maspika makubwa. Alipewa na fundi mitambo wa bendi moja ya Dar es Salaam iliyokuja kupiga uwanjani mwezi wa sita, ambapo dada aliimba nao nyimbo mbili. Fundi huyo alikuwa amepata nyingine mpya. Nyumbani tuliziita masikio. Dada akiuliza asubuhi, "Nani kachukua masikio yangu?" baba alikuwa akimjibu, "Umezaliwa nayo, yatafute kichwani." Hilo lilikuwa kabla ya kazi ya hotelini. Baada ya hapo baba na dada hawakusemezana tena. Ujumbe ulipita kwangu. "Mwambie dada yako chakula kipo." "Mwambie baba nimeshiba."

Sasa naeleza vichujio. Kila spika ina kibomba kifupi ambako sauti hutokea, na ndani ya kibomba kuna kichujio kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, chenye wavu mwembamba. Kichujio hakiongezi sauti. Kinazuia baadhi na kuacha nyingine zipite. Dada alikuwa na jozi tatu. Vyeupe vinapitisha karibu kila kitu, hata mlio wa herufi s ndani ya neno unausikia. Vya kijani vinapunguza ukali kidogo. Vyeusi vinazuia sauti kali za juu, kwa hiyo ukivivaa chumbani unasikia kama umefunikwa blanketi. Kwaya aliimba na vyeupe, kwa sababu tunaimba bila vyombo na yeye alitaka kusikia maneno. Hotelini aliimba na vya kijani. Vyeusi alivitumia mara moja tu, siku ile ya uwanjani, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa nyuma yake na matoazi yalikuwa yanamchoma masikio.

Kazi ya kubadilisha ilikuwa yangu. Unavua mpira wa nje, unachukua kijiti chenye ncha mbili, ncha moja inavuta kichujio cha zamani, ncha ya pili inasukuma kipya. Usikiguse kwa kidole, maana jasho linaziba wavu. Dada ana kucha ndefu, akawa ananiita, "We Jesca, njoo na vidole vyako vya sindano." Nikimaliza tulijaribu kwa redio ndogo ya kaseti. Yeye alivaa upande mmoja na mimi upande mmoja, tukalala chali kitandani mwake tukisikiliza. Kwa hiyo vyeupe navijua vizuri.

Mnamo tarehe 9 Oktoba 2008, siku ya Alhamisi, nilirudi kutoka shule saa kumi jioni. Nilimkuta dada chumbani anakunja nguo. Aliniita, akanipa masikio na kikopo cha vichujio.

Akasema, "Leo niwekee vyeusi."

Nikamuuliza, "Vyeusi? Kwani Bwana Lukasi kanunua ngoma?"

Akacheka sana. Akasema, "Lukasi? Hata kijiti cha kupigia hana."

"Basi hutasikia kitu."

"Weka tu, mwalimu."

Nikaweka. Hatukujaribu kwa redio, alisema ana haraka. Alitia masikio kwenye kijaluba chake, akachukua kijiti na vile vya kijani. Vyeupe alivirudisha kwenye kikopo, akakisogeza upande wangu wa meza.

Nikamwambia, "Umesahau vyeupe."

Akasema, "Baki navyo."

Akanishika kichwa, akatoka. Alikuwa na mkoba wa kitambaa begani, na viatu vyake vyekundu vya kuimbia ameshika mkononi. Ilikuwa kama saa kumi na moja. Baba alirudi kazini saa moja, akala, akalala. Hakuuliza. Sikumwambia, kwa sababu niliamini yuko hotelini kama Alhamisi nyingine.

Dada hakurudi usiku huo wala kesho yake. Jumamosi Bwana Lukasi alifika nyumbani akiwa amekasirika, akasema siku mbili mwimbaji hajaonekana. Ndipo baba alipokwenda kuripoti.

Jumapili tarehe 12 tuliletewa habari kwamba mkulima mmoja wa Mahurunga, Bwana Selemani, ameokota mkoba kwenye ukingo wa mto Ruvuma. Baba alikwenda na polisi akautambua. Ndani mlikuwa na sketi na blauzi ya kwaya, zimekunjwa. Juu ya mkoba palikuwa na ndala za dada. Masikio hayakuwamo. Viatu vyekundu havikuwamo.

Jioni ile baba alikaa sebuleni bila kuwasha taa. Nikamwambia, "Baba, mkoba ulikuwa mkavu."

Akanijibu, "Ulikuwa ukingoni, Jesca. Utaloaje?"

Nikamwambia, "Vyombo vyake vya kuimbia havimo."

Akasema, "Hata kama hatusemezani, Roza hawezi kuondoka bila kuaga. Angekuwa hai angeaga. Mto umemchukua. Niache."

Jumatatu turubai likafungwa uani. Majirani wameleta mikeka na sufuria. Mimi mwenyewe nimechota maji ya msiba na kuwapikia watu chai, wananiambia pole, nami naitikia nimeshapoa. Sijui kama nimesema uongo.

Jumanne tarehe 14 ilikuwa sikukuu, hakukuwa na shule. Nilimwomba Bi Saumu anipeleke Mahurunga. Yeye ndiye pekee ambaye hakuniambia ninyamaze. Tulimkuta Bwana Selemani shambani kwake bondeni. Bi Saumu akamwambia, "Baba, huyu ni mdogo wake. Mweleze ulichokiona, usimweleze unachodhani."

Bwana Selemani akasema, "Mtu sikumwona, binti. Niliona mkoba, na ndala zimepangwa juu yake, kama za mtu anayekwenda kuoga."

Nikamuuliza kama siku za kabla ya hapo kulikuwa na watu mtoni. Akasema, "Ijumaa asubuhi mitumbwi ilikuwa mingi. Kuna arusi kubwa ng'ambo, Msumbiji. Walivusha matarumbeta na ngoma, zile kubwa za bendi, mpaka mtumbwi mmoja ukataka kuzama."

Nikamuuliza, "Kulikuwa na mwanamke?"

Akasema, "Wanawake walikuwepo. Sikuwahesabu, nilikuwa nafukuza nyani."

Bwana Selemani ameahidi kurudia maneno haya hapa kituoni akiitwa.

Nilipofika hapo juu Koplo amesoma, kisha ameniuliza, "Je, kama alikuwa ameyavaa hayo masikio alipoingia majini?" Najibu. Dada hakuruhusu hata mtu anawe uso masikio yakiwa mezani karibu. Aliniambia tone moja likipita kwenye wavu, upande huo umekufa. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda nayo mtoni. Koplo amesema mtu aliyekata tamaa hajali vitu. Nimemjibu kwamba mtu aliyekata tamaa hamwombi mdogo wake ambadilishie vichujio, tena achague vile vinavyofaa mahali penye ngoma na matoazi. Anayechagua vyeusi anafikiria mpiga ngoma atakayekuwa nyuma yake. Anafikiria kesho.

Koplo ameuliza pia, "Mbona ameacha ndala?" Najibu kwamba mwezi huu maji ni kidogo, na anayepanda mtumbwi hupita kwenye tope kwanza. Anakwenda peku, na viatu vizuri anavishika juu. Kwa nini aliacha mkoba na sare ya kwaya, hilo sina jibu kamili. Ninalo moja tu, nalo linaniuma. Naona aliacha vitu ambavyo hatavihitaji. Sare pale mtoni, na vyeupe kwangu. Baba anasema dada hakuaga. Mimi naona aliniaga, ila mimi sikuelewa kwamba nilikuwa naagwa.

Sisemi kwamba nina hakika. Sikumwona akivuka. Inawezekana ninataka iwe hivyo kwa sababu chumba kimekuwa kikubwa na ninalala nimegeukia ukutani nisione kitanda cha pili. Bi Saumu amenigusa bega, ameniambia, "Andika, mwanangu, usilowanishe karatasi ya serikali."

Ombi langu ni kwamba wenye mitumbwi waulizwe, na waulizwe pia wenye arusi hiyo ng'ambo kama bendi iliyopiga ina mwimbaji mpya wa kike. Kama yupo na hataki kurudi, asilazimishwe. Mimi nataka tu nijue.

Nimeeleza yote niliyoahidi kueleza, kwa mkono wangu na kwa akili yangu timamu.

Sahihi ya shahidi: J. S. Haule
Sahihi ya aliyefuatana naye: (dole gumba) Saumu Alawi

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Nimemsomea kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi. Nimemfahamisha kwamba ng'ambo ya mto ni nchi nyingine na maulizo yatapitia kwa wakubwa, hivyo yaweza kuchukua muda. Bwana Selemani wa Mahurunga ataitwa. Shahidi ameomba kuongeza swali moja, nimemruhusu.
Koplo Athumani.

Swali la shahidi: Afande, Jumamosi hii padri anakuja nyumbani kumwombea dada kama marehemu, na mimi nitakaa mbele, karibu na baba. Naomba unijibu kabla sijatoka hapa: watu watakapoitikia sala, niitikie pamoja nao, au ninyamaze?